Wamefika

Mtego wetu ni kopo la plastiki lenye taa ya kijani ndani,
ile ya kuvunja ikawaka, watoto huichezea kwenye sherehe.
Tunautega jioni pembeni mwa mto, maji yanapopunguza mwendo,
na saa tisa usiku tunaurudia kwa mabuti, mimi na Maren,
pua zinavuja kwa baridi ya Mei, hapa Jensen, Utah.

Usiku kumi na mmoja: matope, funza wa majini, jani.
Naandika "hakuna" daftarini, kwa kalamu ya risasi,
maana wino hulia ukilowa.

Huko juu, mwendo wa siku mbili kwa maji,
upo ukuta wa zege uliomfundisha mto adabu:
usifure, usichafuke, toka kwa saa,
ongezeka pale miji inapowasha viyoyozi.
Mto ukatii. Ukawa baridi, mwangavu,
mpole kama mtu aliyefiwa.
Na nundu-wembe, samaki aliyeumbiwa ghadhabu,
mwenye kigongo cha kumkita chini gharika ikipita,
akabaki na kigongo chake bila kazi.

Wazee wao wapo. Mmoja huweza kuishi miaka arobaini.
Hutaga kila mwaka juu ya changarawe ileile.
Watoto ndio hawaonekani.
Nyumba ya wazee watupu: unaujua ukimya wake.

Zamani maji yaliachiwa kwa kalenda,
gharika ikaja na kuondoka mayai hayajaanguliwa,
karamu imeandaliwa, wageni wangali safarini.
Siku hizi tunawauliza wageni kwanza.

Usiku wa kumi na mbili
Maren anamimina kopo kwenye sinia jeupe, anashusha tochi,
ananyamaza.
Macho. Macho tu kwanza, nukta mbili, nukta mbili,
kisha uzi wa mwili, haushindi ukope kwa unene,
unapapatika kama herufi inayotafuta neno lake.
Tisa. Namhesabu wa kumi, kumbe povu.

Anapiga simu. Kimball yuko zamu mtamboni.
"Wamefika," anasema Maren. Hasemi nani.
Nyuma ya ukimya nasikia mashine zikinguruma.
"Megawati hizo ni pesa, unajua," anajibu Kimball,
si kwa ugomvi, ila kama muuza duka
anayekutajia bei ya mkate akiwa tayari anaufunga.
Kisha: "Haya. Alfajiri nafungua."

Maji yakimwagika hayazoleki, nilikua nikiambiwa.
Sasa nimeajiriwa kuyamwaga, kwa mizani,
na siku ya tatu nimesimama kinamasini
nikiutazama mto ukipanda ukingo, kahawia, na vijiti mdomoni,
ukiingia kwenye nyavu za lango:
vichanga wanapenya,
walaji wakubwa walioletwa na wavuvi wanagonga kichwa, wanabaki nje.

Thayne Burdick, mwenye shamba la alfalfa jirani,
alikuja kunilaumu kuhusu mbu.
Alinitukana kwa namna ya huku kwao,
yaani bila tusi hata moja,
akaniachia boga.

Septemba tunafungua lango, tunahesabu wanaotoka.
Mia sita na kumi na wawili, kila mmoja kama kidole cha kati.
Kwa mto mzima, sijui ni wengi au ni mzaha.
Maren naye hajui; anaandika tu.

Thayne amekuja na ndoo yake, hakuitwa.
Anamshika mmoja kwa mkono uliolowa, kama tulivyomwonyesha,
anampapasa mgongo kwa kidole gumba.
"Nundu iko wapi?"
"Bado. Itaota akikua."
"Miaka mingapi?"
Maren anamwambia.
Thayne anapiga hesabu zake kimyakimya, midomo inacheza.
"Sitakuwepo."
"Pengine," anasema Maren, bila kuinua kichwa.

Akamwachia. Akafuta mkono kwenye suruali,
akauliza kama kesho tutahitaji mtu.